Kabla hujaunga betri ya pili ya sola, shika multimita

Betri yangu ya kwanza ya lithiamu, ya volti 51.2 na ampea-saa 100, ilikaa mwaka mzima bila kunisumbua. Taabu ilianza nilipopata hela ya kununua ya pili.

Fundi alikuja na haraka zake. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, betri ya zamani inachajiwa na imeshafika volti 55.4. Mpya, ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi na kuwashwa, inasoma 52.3. Nikamuuliza kama hiyo tofauti si tatizo. "Usiwe na wasi, kaka, kila moja ina BMS yake, zitajipanga zenyewe." BMS ni saketi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri. Akagusisha waya. Ikaruka cheche ya bluu, boliti ikabaki na kovu jeusi mpaka leo, na betri mpya ikawasha taa nyekundu na kujizima.

Volti 3.1 unaweza kuziona si kitu. Ila betri hizi zina ukinzani mdogo mno ndani. Tuseme betri mbili na nyaya zake zina miliomu 30, yaani omu 0.03: gawanya 3.1 kwa 0.03, unapata zaidi ya ampea 100 zinazokimbia kutoka betri moja kwenda nyingine kwa mkupuo. BMS ilifanya kazi yake, siilaumu. Lakini kazi yake ni kuchunga seli 16 zilizomo ndani ya betri yake tu: seli ikizidi volti 3.65 hivi, ikishuka kuelekea 2.5, umeme ukipita kiasi au joto likizidi, inakata. Habari za betri ya jirani haina.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: chaji kila betri peke yake mpaka ijae kabisa, ziache zipumzike saa kadhaa, kisha pima. Zikipishana chini ya volti 0.1, unga. Usidanganywe na asilimia kwenye skrini, wala usizisawazishe zikiwa nusu. Lithiamu ya aina hii (LFP) inakaa karibu na volti 3.3 kwa seli kwa muda mrefu sana, hivyo betri yenye asilimia 40 na yenye 70 zinaweza kusoma karibu sawa. Ni kule juu, zikishajaa, ndiko volti zinakwambia ukweli.

La pili lilinipata usiku. Friji, pampu ya maji, na mtu kachomeka pasi. Seli moja ya betri ya zamani ikawahi kushuka, BMS yake ikakata. Mzigo wote ukahamia kwa ile mpya, nayo ikazidiwa, ikakata pia. Giza nyumba nzima. Inveta ya kilowati 5 ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta takribani ampea 100, kwa hiyo usihesabu kwamba betri mbili zenye uwezo wa kutoa ampea 100 kila moja zitakupa 200 siku zote. Mimi sasa napanga matumizi kana kwamba moja inaweza kutoka wakati wowote. Pasi tunapiga mchana.

Na kila betri iwe na fyuzi yake au breka yake ya DC, yaani ya umeme wa betri. Breka ya AC (ya umeme wa kawaida wa nyumbani) ya duka la jirani usiweke hapo, haikutengenezwa kuzima cheche ya umeme wa namna hii.

Nyaya nazo nilizidharau. Siku moja nilipima kwa mita ya kubana: betri moja inatoa ampea 41, nyingine 14. Nikashika nyaya kwa mkono, mmoja wa moto. Kichwa chake kilikuwa kimebanwa kwa koleo la kawaida, ukivuta unacheza. Tulipobana upya kwa mashine yake, na kukata nyaya zote ziwe na urefu sawa, zikawa 28 na 27.

Kingine kidogo: vile viswichi vidogo ubavuni mwa betri, vya kuipa kila betri namba yake ili inveta iitambue. Betri mbili zikiwa na namba moja, inveta inaweza kudhani unayo moja tu, ikachaji polepole, nawe ukaanza kulaumu paneli.

Ya tatu nimeshanunua. Ipo koridoni tangu Jumatano, inachajiwa peke yake, na watoto wanaigeuza kiti.