Mauzo ya Duka Yamegeuka Milioni Mia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Namsaidia mama mdogo dukani kwake Mbuyuni, hapa Moshi. Anauza mchele na maharage. Nimeandika programu ya kujumlisha mauzo kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nikiingiza 12500 na 8000 inaniletea 125008000! Rafiki yangu wa Arusha anatumia lugha nyingine, JavaScript, anasema kwake kutoa kunakubali, kujumlisha ndiko kunakogoma. Tuhamie lugha gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usihame, na hilo jibu usimwonyeshe mama mdogo, atadhani katajirika.

Chochote unachokipata kwa input(), amri ya kupokea unachobonyeza, Python hukichukua kama maandishi, hata kama umebonyeza tarakimu tupu. Alama ya + kwenye maandishi kazi yake ni kuunganisha, ndiyo maana 8000 imebandikwa nyuma ya 12500. Andika int(input("Mauzo: ")), hiyo int() inageuza maandishi kuwa namba kamili, utapata 20500.

Kwa rafiki yako ni yaleyale, ila JavaScript ina kiherehere. Maandishi hayatoleki, kwa hiyo ikiona alama ya kutoa inayageuza yenyewe kuwa namba bila kukuuliza, inakupa 4500. Python ingekataa na kukutolea TypeError, yaani ujumbe wa kosa kwamba aina ya data haifai. Mimi naipenda hiyo inayokataa. PHP, lugha nyingine tena, nayo ina yake: + hujumlisha tu, kuunganisha ni kazi ya nukta.

Sasa kuna jambo hujaliuliza. Mama mdogo ataandika 12,500, na mkato wake, kama alivyozoea kwenye daftari. Hapo int() ya Python itasimama na kulalamika ValueError, yaani haiwezi kukigeuza ulichoandika kuwa namba. Lakini rafiki yako akitumia parseInt, amri ya JavaScript ya kugeuza maandishi kuwa namba kamili, itasoma hadi kwenye mkato, iishie hapo, irudishe 12. Shilingi kumi na mbili! Wala haitoi onyo. Mtakuja kugundua jioni hesabu zikigoma. Ondoeni mkato kwanza: kwa Python ni replace(",", ""), kwa JavaScript ni replaceAll(",", ""), ndipo mgeuze.

Kilo mbili na nusu zinataka float(), inayogeuza kuwa namba yenye desimali, maana int("2.5") ni kosa. Na ukishakuwa na 2.9 ukaipitisha kwenye int() unapata 2, haikadirii, inakata. Ukitaka kukadiria tumia round().

Namba za simu za wanaokopa ziache ziwe maandishi. Ukizigeuza, sifuri ya mbele inaondoka, na siku ya kudai utapiga simu isiyoita.