Maswali ya Wasomaji: Saa, Kamera na Sheria Mpya za Besiboli

Wasomaji kadhaa wa Mwanza na mikoa jirani ya Kanda ya Ziwa wametuandikia kuhusu besiboli ya kulipwa ya Marekani, hasa sheria zilizobadilishwa tangu mwaka 2023 na zile ambazo bado zinajadiliwa. Kwa wale ambao mchezo huu ni mgeni kwao, yatosha kujua kwamba timu mbili hupokezana kupiga kwa awamu 9, na kwamba mrushaji humrushia mpigaji mpira kutoka umbali wa mita 18.44. Mpira unaopita katika eneo halali bila kupigwa, au ambao gongo limeukosa, huhesabiwa straiki. Straiki 3 humtoa mpigaji, ilhali mipira 4 iliyopita nje ya eneo hilo humpa haki ya kutembea hadi besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne anavyopaswa kuvizunguka ili timu yake ipate pointi. Wachezaji 3 wakitolewa, zamu inahamia kwa wapinzani.

Shikamoo, Mhariri. Mjomba wangu aliwahi kuishi Marekani, na alikuwa akituambia kwamba mechi moja ya besiboli inamaliza jioni nzima. Siku hizi nikitazama kwenye simu naona mechi zinakwisha mapema, na kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Je, wamepunguza awamu? — Msomaji, Igoma, Mwanza

Marahaba. Awamu hazikupunguzwa, na mjomba wako hakukosea. Mwaka 2021 mechi ya awamu 9 katika ligi kuu, MLB, ilichukua wastani wa saa 3 na dakika 10, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa ya kucheza. Mrushaji alizunguka kilima chake, yaani kijiinuko anachorushia, akavua kofia, akaivaa tena, akamtazama mdakaji, mwenzake anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, na kukataa ishara zake; mpigaji naye alitoka kwenye kisanduku chake baada ya kila mpira ili akaze upya mikanda ya glavu. Kilichoondolewa ni muda huo uliokuwa ukipotea kati ya mpira mmoja na mwingine.

Tangu msimu wa 2023 mrushaji amepewa sekunde 15 za kuanza kurusha besi zikiwa tupu, na sekunde 20 akiwapo mkimbiaji, yaani mpigaji aliyekwisha fika besi. Hizo 20 zilipunguzwa kuwa 18 mwaka 2024. Mpigaji anatakiwa awe tayari, macho yake yakimwelekea mrushaji, saa inapobakiza sekunde 8. Mrushaji akichelewa, timu yake inahesabiwa mpira wa nje, na mpigaji akichelewa anahesabiwa straiki. Wastani wa mechi ulishuka hadi saa 2 na dakika 40 katika msimu wa kwanza wa sheria hiyo, na mwaka uliofuata ukashuka hadi saa 2 na dakika 36.

Ila mimi nakuomba usiishie kwenye saa, kwa sababu mabadiliko yaliyokuja pamoja nayo ndiyo yaliyorudisha mbio uwanjani. Mtazame mkimbiaji aliyesimama besi ya kwanza. Anasogea hatua tatu au nne kuelekea besi ya pili, amekunja magoti, mikono imening'inia, anasubiri mguu wa mrushaji uinuke ili achomoke. Zamani mrushaji aliweza kugeuka na kurusha mpira besi ya kwanza kadiri alivyopenda, na kila mara mkimbiaji alilazimika kujitupa chini ili arudi. Sasa mrushaji anaruhusiwa kufanya hivyo, au kuondoa mguu kilimani, mara 2 tu kwa kila mpigaji; akijaribu mara ya tatu bila kumtoa mkimbiaji, mkimbiaji anapewa besi ya pili bure. Papo hapo besi zenyewe zimepanuliwa kutoka inchi 15 hadi inchi 18 kila upande, yaani kutoka takriban sentimita 38 hadi 46, na hivyo njia kati ya besi ya kwanza na ya pili imefupika kwa inchi 4 na nusu. Mtu asiyejua atasema inchi 4 si kitu, lakini katika mbio ambazo mkimbiaji na mpira hufika karibu kwa pamoja, inchi hizo ndizo zinazoamua. Mkimbiaji akichomoka hivyo na kuifikia besi inayofuata bila mpira kupigwa, husemwa ameiiba. Mwaka 2022 besi 2,486 ziliibwa katika ligi nzima, na mwaka 2023 zikaibwa 3,503.

Jambo jingine linalofaa kuheshimiwa ni namna sheria hizi zilivyopatikana. Saa ilijaribiwa kwanza katika ligi za chini, ambako ilipunguza takriban dakika 25 kwa mechi, ndipo ikaletwa juu. Hata hivyo, katika kamati ya watu 11 inayoamua mambo haya, wawakilishi wote 4 wa wachezaji waliipigia kura ya kuikataa, na ikapita kwa kura za wengine.

Ndugu Mhariri, sisi huku Ukerewe tumekwisha gombana vya kutosha kuhusu VAR ya kandanda. Sasa nasikia na besiboli wanaleta mashine ya kuamua straiki. Mwamuzi atabaki na kazi gani? — Msomaji, Nansio

Mwamuzi anabaki mahali pake, nyuma ya mdakaji, na ndiye atakayeendelea kutoa uamuzi wa kwanza kwa kila mpira. Mfumo uliopitishwa mwezi Septemba 2025 ili utumike kuanzia msimu wa 2026 ni wa rufaa. Kila timu inaanza mechi ikiwa na rufaa 2. Ikishinda rufaa inabaki nayo, na ikishindwa inaipoteza. Wanaoruhusiwa kukata rufaa ni mpigaji, mrushaji na mdakaji peke yao. Kocha hana sauti hapo, wala wenzao walioko benchi hawaruhusiwi kuwasaidia. Mchezaji anagusa kofia yake papo hapo, picha iliyotengenezwa na kamera zilizozunguka uwanja inaonyeshwa kwenye skrini kubwa, kila mtu anaona mpira ulipita wapi, na mchezo unaendelea.

Hapo ndipo tofauti na VAR ilipo, na naiona kubwa sana. Katika mechi za maandalizi za mwaka 2025 kila rufaa ilichukua wastani wa sekunde 13.8, na karibu nusu ya rufaa zote zilifaulu. Katika mechi ya nyota ya Julai mwaka huohuo zilikatwa rufaa 5, zikafaulu 4. Hakuna anayekwenda pembeni kutazama marudio kwa dakika nne huku washabiki wakizomea. Swali lenyewe nalo ni jepesi kulipima, maana haliulizi nia ya mtu wala ukubwa wa kosa. Linauliza tu kama mpira uligusa eneo fulani au haukuligusa. Upana wa eneo hilo ni inchi 17, sawa na upana wa kibao cha nyumbani, kile kilicho ardhini pale mpigaji anaposimama, na kimo chake kinakokotolewa kwa urefu wa kila mpigaji, kuanzia asilimia 27 ya urefu wake hadi asilimia 53.5.

Wapo waliotaka mashine iamue kila mpira, na jambo hilo lilijaribiwa katika ligi za chini sambamba na mfumo wa rufaa. Nafurahi kwamba rufaa ndiyo iliyochaguliwa. Mdakaji hodari ana ufundi wa kuudaka mpira uliopita ukingoni na kuuvuta taratibu ndani, kiasi kwamba mwamuzi anauona kuwa mzuri. Wengine wanauita udanganyifu, lakini ni ujuzi wa miaka mingi wa mikono na magoti, na mashine ikiamua yote utakufa. Kwa rufaa 2 tu, timu inapaswa kupima lini inafaa kubisha na lini inafaa kunyamaza, na mdakaji huyo bado ana thamani yake.

Kandanda ina sare. Kwa nini besiboli haina? Mwaka 2025 nilikesha nikitazama fainali, hadi watoto wakaamka, wakanywa chai, wakaondoka, na mechi bado! — Msomaji, Nyakato, Mwanza

Bila shaka unazungumzia mechi ya tatu ya fainali, ambayo katika besiboli ni mfululizo wa mechi, kati ya Los Angeles Dodgers na Toronto Blue Jays, ambayo kwetu ilianza kama saa tisa usiku na ikafika awamu ya 18 kabla Freddie Freeman hajaimaliza kwa kuupiga mpira nje ya uwanja. Ilichukua saa 6 na dakika 39.

Katika msimu wa kawaida usingekesha hivyo. Tangu 2020 kila awamu ya ziada inaanza na mkimbiaji akiwa tayari besi ya pili, ili pointi ipatikane haraka, na sheria hiyo ilifanywa ya kudumu mwaka 2023. Katika mechi za mtoano haitumiki. Mimi naona mgawanyo huo ni wa haki: timu yenye mechi 162 kwa msimu haiwezi kuwachosha warushaji wake wote kwa mechi moja ya mwezi Mei, lakini bingwa hapaswi kupatikana kwa mkimbiaji aliyewekwa besi ya pili bila kuitolea jasho.

Je, ni kweli wanataka timu iruhusiwe kumwita mpigaji wake bora wakati wowote, hata kama si zamu yake? — Msomaji, Musoma

Wazo hilo lilitajwa na kamishna wa ligi, Rob Manfred, mwishoni mwa 2024, naye alilieleza kama jambo lililozungumzwa na baadhi ya wamiliki, halijapitishwa. Naomba lisipitishwe kamwe.

Haki ya besiboli imekaa katika orodha ya wapigaji. Wote 9 hupiga kwa mpangilio, na mpigaji dhaifu hufikiwa na zamu yake hata timu ikiwa inaungua. Katika kandanda unaweza kumpasia nyota wako kila shambulio. Huku huwezi, na ndiyo maana nyota anapofika kwa wakati mzito watu wote husimama. Tarehe 21 Machi 2023, katika fainali ya kombe la dunia, Shohei Ohtani wa Japani alikuwa kilimani, Japani ikiongoza 3–2, Marekani ikiwa imebakiza mtu mmoja wa kutolewa, na aliyefikiwa na zamu alikuwa Mike Trout, nahodha wa Marekani na mwenzake Ohtani katika klabu ya Angels. Ohtani alimtoa kwa straiki. Hakuna aliyelipanga pambano lile. Orodha ndiyo iliyolileta, na ladha yake yote ilitokana na hilo.

Tena, sheria hiyo isingefikia hata lengo lake. Katika ile mechi ya awamu 18 niliyoitaja juu, Ohtani alifika besi mara 9, na katika hizo, mara 4 Toronto walimpa besi ya kwanza kwa makusudi ili wasimrushie. Ukimwita nyota nje ya zamu, mpinzani atamtembeza vivyo hivyo.

Tunasikia mwaka 2027 huenda besiboli isichezwe. Kuna nini? — Msomaji, Bukoba

Mkataba kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unamalizika tarehe 1 Desemba 2026. Shina la mvutano ni kikomo cha mishahara. Besiboli haina kikomo kamili kama ligi nyingine kubwa za Marekani. Ina kodi tu kwa timu inayopitisha kiwango cha matumizi. Ndiyo maana Mets, timu ya New York, waliweza kumpa Juan Soto mkataba wa dola milioni 765 kwa miaka 15, huku kiwango cha chini cha mshahara kwa mwaka 2026 kikiwa dola 780,000. Wamiliki wengi wanasema timu ndogo hazifui dafu mbele ya matajiri, na wachezaji wanajibu kwamba kikomo kitawanufaisha wamiliki wenyewe.

Hofu ina sababu. Mgogoro wa 2021 ulifunga milango ya ligi kwa siku 99, ingawa mechi zote zilikuja kuchezwa. Mgomo ulioanza tarehe 12 Agosti 1994, ambao nao ulihusu kikomo cha mishahara, ulifuta fainali ya mwaka huo. Washabiki wengi walikasirika na kukaa mbali kwa miaka. Ni mapema mno kusema 2027 itakuwaje.

Mimi ni mwalimu wa michezo. Wanafunzi wangu wameanza kuuliza kuhusu besiboli, lakini glavu na magongo hatuna, na uwanja wetu ni wa kandanda. Naanzia wapi? — Mwalimu, Sengerema

Mwalimu, anza na besiboli ya watu 5, mchezo uliobuniwa na shirikisho la dunia kwa ajili ya mahali kama hapo penu. Hauhitaji gongo, glavu wala mrushaji. Mpigaji anashika mpira wa raba na kuupiga mwenyewe kwa kiganja au ngumi, kisha anakimbia. Besi ziko umbali wa mita 13, mechi ni ya awamu 5, na wavulana na wasichana wanacheza pamoja katika timu moja. Kona ya uwanja wenu wa kandanda inatosha. Chora mistari kwa majivu au chokaa, na weka magunia bapa badala ya besi. Watoto waliozoea kucheza rede watauelewa mapema, kwa kuwa kukimbia, kukwepa na kutolewa wanavijua tayari. Mchezo huo umewekwa katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar ya mwaka 2026, na hivyo si mazoezi ya kupitisha muda tu.

Wakitaka kuendelea hadi besiboli kamili, njia ipo. Dar es Salaam kuna uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Na ng'ambo ya ziwa letu, Uganda ilipeleka timu ya watoto kutoka Lugazi katika fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza hapo. Miaka 10 baadaye Dodgers waliwasajili vijana wawili wa Uganda. Naye Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alifika ligi kuu yenyewe mwezi Aprili 2017, akiwa wa kwanza kuzaliwa Afrika kufanya hivyo, na mara ya kwanza kabisa kushika gongo akapiga na kufika besi. Tuandikie tena mkishaanza, utueleze wanafunzi wanashindwa wapi, hasa katika kurusha mpira kutoka besi hadi besi, maana hapo ndipo wanaoanza hukwama, nasi tutajibu kwa mazoezi yanayofaa.