Mama mtu mzima kucheza rede na wanawe: je, ni utovu wa haya?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, nimeshavuka miaka 40. Jioni nikimaliza kazi hucheza rede na kombolela na binti zangu uani, ambako ukuta umetusitiri. Mume wangu hana neno. Ila mama mkwe, tunayeishi naye, husema mwanamke mzima kurukaruka ni kukosa haya, na kwamba Mwenyezi Mungu ameukemea mchezo katika Qur'ani. Juzi nilipandwa na hasira nikaapa, "Wallahi sichezi tena!" Sasa watoto wamenuna, nami najuta. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Aya anayoikusudia mama bila shaka ni ya 20 katika Suratul Hadid, inayosema kuwa maisha ya dunia ni mchezo, pumbao, pambo, kujifakharisha, na kushindana kwa wingi wa mali na watoto. Isome yote utaona inamzungumzia mtu aliyeifanya dunia ndiyo mwisho wa safari. Mbona ndani yake wametajwa watoto, na hakuna aliyesema kuzaa ni haramu? Tena katika Sura Yusuf, ndugu zake Nabii Yusuf (a.s.) walipomwomba baba yao awaruhusu waende naye akale na kucheza, Nabii Yaqub (a.s.) hakusema mchezo ni upuuzi. Alihofia mbwa mwitu. (Wao walikuwa na hila yao, lakini hilo ni jingine.)

Hoja iliyo karibu zaidi na ua wako ameisimulia Bibi Aisha (r.a.), na imo kwa Abu Daud na Imam Ahmad. Walikuwa safarini. Mtume (s.a.w.) akawaambia watu watangulie, kisha akamwambia mkewe, "Njoo tushindane mbio." Bibi Aisha akamshinda. Ukapita muda, mwili wake ukanenepa, na yale ya kwanza akawa ameyasahau. Wakashindana tena katika safari nyingine, safari hii Mtume akashinda. Akacheka, akasema, "Hii ni kwa ile!"

Hebu litazame tukio hili vizuri. Mtume alikuwa ameshavuka miaka 50, akibeba umma mzima mabegani, na yeye ndiye aliyeanzisha shindano. Hakushurutishwa na mtoto yeyote. Akaliweka moyoni mpaka likapatikana la kulipizia, kama wafanyavyo watoto hasa. Wala haya haikukosekana: watu walitangulizwa kwanza ndipo mbio zikaanza. Wewe umefanya vivyo hivyo kwa ukuta wako. Kwa hiyo kucheza kwako ni halali, na ukinuia kuwafurahisha wanao, ninatarajia uandikiwe thawabu.

Masahaba nao walikuwa hivyo. Imam Bukhari, katika Al-Adabul Mufrad, amepokea kwamba walikuwa wakitupiana matikiti, lakini mambo yakiwa mazito wao ndio waliokuwa wanaume wenyewe. Na Hanzala (r.a.) alipodhani amekuwa mnafiki, kwa kuwa mbele ya Mtume huiona Pepo na Moto kama kwa macho, kisha akifika kwa mke na watoto husahau mengi, jibu alilopewa, kama alivyopokea Imam Muslim, lilikuwa: "Ewe Hanzala, saa na saa," mara tatu; yaani kuna saa ya ibada na saa ya mke na watoto.

Mipaka unaijua: Magharibi isiwapite kwa ajili ya rede, msiwekeane dau la pesa, msimcheke anayeshindwa kwa kumdhalilisha. Na usiwadanganye watoto ili wacheke. Mtume amemtolea onyo kali anayesema uongo kuchekesha watu.

Kuhusu mama mkwe, nakuomba usimwendee na hadithi hizi kama mtu anayekwenda kushinda kesi. Mwachie mumeo azungumze na mama yake kwa upole. Pia chunguza, huenda kinachomkera ni makelele saa anayotaka kupumzika au kuvuta uradi, na hiyo ni haki yake; badilisheni saa.

Sasa kiapo. Uliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu na kwa kukusudia, hivyo kimefunga ingawa ulikuwa na hasira. Lakini Mtume amefundisha kuwa aliyeapa kisha akaona kingine ni bora kuliko alichokiapia, afanye kilicho bora na atoe kafara. Kafara yenyewe imo katika Suratul Maida, aya ya 89: kulisha maskini 10 chakula cha wastani mnachokula nyumbani, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, jambo ambalo leo halipo. Katika madhehebu yetu ya Shafii ni mudi moja (kipimo cha zamani cha ujazo) ya chakula kikuu kwa kila maskini. Ukimpa kila mmoja kilo ya mchele umetosheleza na kuzidi. Waweza kuitoa hata kabla hujarudi mchezoni. Usipokuwa na uwezo huo, funga siku 3, ila katika madhehebu yetu saumu huja baada ya kukivunja kiapo: cheza kwanza, ndipo ufunge. Wallahu a'lam.