Umemaliza dozi ya Lyme lakini mwili bado umegoma? Soma hapa

Juzi dada mmoja kaniandikia inboksi saa nane usiku, amemaliza dozi ya Lyme (ule ugonjwa wa bakteria unaoletwa na kuumwa na kupe) miezi mitatu sasa ila mwili bado haujarudi, nimwambie anywe nini. Niliisoma mara mbili machozi yakanitoka, maana yule nilikuwa mimi kabisa.

Kupe aliyeniuma sikumuona. Akiwa mchanga ni mdogo kuliko hata punje ya ufuta, utamwonea wapi? Nyuma ya goti pakatokea wekundu, ukawa unatanuka kila siku, hauwashi hauumi, nikapuuza. Ikaja homa, shingo ikakaza, nikaenda kupima damu majibu yakatoka sina kitu, nikaambiwa ni stresi tu nikapumzike. Baadaye sana ndo najua kwamba kile kipimo kinatafuta kinga za mwili na wiki za mwanzo zinakuwa bado hazijatosha, kwa hiyo ule wekundu peke yake ungetosha nianzishiwe dawa. Hiyo kauli ya stresi mpaka leo inaniuma kuliko goti.

Goti lilipokuja kuvimba ndo nikapewa antibayotiki ya doksisaiklini siku 28. Uvimbe ukaisha, uchovu ukabaki. Asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi, naiangalia tu, kuinama siwezi. Naanza sentensi neno linapotea katikati. Kumbe sikuwa peke yangu, kati ya watu 100 wanaotibiwa Lyme kama 5 hadi 10 hivi hubaki na hali hii kwa miezi.

Na hapo ndo wauzaji wanakudaka. Nilinunua vichupa vya "kusafisha bakteria" mpaka akiba ikaisha, sikupata nafuu hata ya siku moja. Mwingine akanishawishi nichomwe antibayotiki miezi mfululizo, namshukuru Mungu nilikataa, maana watafiti walishazijaribu hizo dozi ndefu kwa watu kama sisi, faida ya kudumu haikuonekana ila madhara yalionekana.

Kilichonisaidia hakiuzwi jamani. Nilianza kupumzika KABLA sijachoka, natembea dakika tano leo, tano kesho, nikiona nimeamka vizuri siongezi hadi wiki iishe, kwa sababu kila nilipojitia nguvu siku nzuri nililipia siku tatu kitandani. Nikalala na kuamka saa zilezile. Nikala hata kama hamu hakuna. Fiziotherapia ya goti, na mtu wa kuongea naye, kwa sababu kuumwa bila kuaminiwa kunakuvunja ndani. Narudia tena, pumzika kabla hujachoka, hili watu hawalisikii kabisa! Msijilinganishe na mlivyokuwa kabla ya kuumwa. Na ukiona uso umelegea upande mmoja, moyo unaruka ruka au unazimia, usisubiri ushauri wa mtu kama mimi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dada yangu, kuniandikia saa nane usiku kumeshaniambia kwamba hulali. Anzia hapo, mwambie daktari wako habari ya usingizi. Na kile kichupa ulichonitumia picha usikifungue kwanza, kabebe ukamuonyeshe asome kilichoandikwa nyuma.