Maswali na Majibu: Dereva Mbaya Hajawahi Kutuandikia

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji walete maswali yao kuhusu usalama barabarani, na barua zimekuja kwa wingi. Nimezisoma zote, na jambo moja limenishangaza: hakuna hata moja iliyoandikwa na dereva mbaya. Kila aliyeandika anaendesha vizuri, na kila aliyeandika anawalalamikia wengine. Inaelekea madereva wabaya hawasomi magazeti. Zifuatazo ni chache kati ya barua hizo, nazo zimechapwa kama zilivyofika.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa miaka 22 na sijawahi kupata ajali. Kinachonisikitisha ni uendeshaji wa watu wa siku hizi. Wanachomekea bila kuwasha indiketa, wanapita magari mengine kwenye kona, wanapiga honi kana kwamba wanasindikiza bibi harusi. Je, leseni zinatolewa kwa vigezo gani? Nauliza kwa sababu mimi huendesha kwa uangalifu mkubwa, na macho yangu hayatoki barabarani hata kwa sekunde m

JIBU: Ndugu Dereva Mkongwe (nimekupa jina hilo kwa kuwa barua yako imekatika kabla ya sahihi), swali lako limeeleweka. Mwaka 1981 mtafiti wa Sweden, Ola Svenson, alichapisha matokeo ya kuwauliza madereva wa Marekani na wa kwao Sweden wajilinganishe na wenzao. Asilimia 93 ya Wamarekani walijiweka katika nusu ya juu kwa ustadi wa kuendesha. Waswidi walikuwa na haya kidogo, kwani waliofanya hivyo walikuwa asilimia 69. Sasa, nusu ya juu haiwezi kubeba zaidi ya nusu ya watu, hata wakibanana namna gani, kwa hiyo wapo wengi mle ambao wamekaa kwenye viti visivyo vyao, na hakuna hata mmoja aliye tayari kuinuka.

Sababu yake si ngumu kuiona. Kosa la mwenzako unaliona likiwa tupu, lakini la kwako huja likiwa limevaa sababu. Akikuchomekea, hana adabu; ukimchomekea wewe, ulikuwa unakwepa shimo. Akisimama ghafla, hajui kuendesha; ukisimama ghafla wewe, kuna mtoto alikuwa anavuka. Wahenga waliokwisha kusema kwamba nyani haoni kundule hawakuwa wameona gari, lakini nashuku waliwahi kumwona dereva.

Ama kuhusu hiyo miaka 22, nakupongeza, na papo hapo ningependa kujua ni watu wangapi waliofunga breki, waliopanda ukingo wa barabara au walioshika vifua vyao ili rekodi yako idumu. Kosa moja barabarani mara nyingi hupita bila madhara kwa sababu dereva wa upande wa pili amelifidia, naye huendelea na safari yake bila kuleta madai. Ajali huja siku kosa lako linapokutana na kosa la mtu mwingine, wakati ambapo hakuna aliyebaki wa kuwafidia nyote wawili.

SWALI: Ndugu Mhariri, waliotutangulia walisema ajali haina kinga. Iweje basi tulazimishwe kufunga mkanda, ambao unakunja shati na kubana tumbo? — Msomaji wa Methali

JIBU: Ndugu Msomaji wa Methali, hakuna methali iliyoua watu wengi kama hiyo uliyoitaja, hasa kwa kuwa hutamkwa kwa sauti ya upole na watu wenye nia njema. Kinga ipo, na inaning'inia karibu na bega lako. Mkanda wa nanga tatu, ule unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na mhandisi wa Volvo aitwaye Nils Bohlin, na ulianza kuwekwa kwenye magari mwaka 1959. Kampuni hiyo iliwaachia watengenezaji wengine wautumie bila malipo, jambo ambalo wafanyabiashara hawalifanyi kila siku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mkanda huweza kupunguza hatari ya kufa kwa wanaokaa mbele hadi kufikia nusu. Wakati huohuo, shirika hilo linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hiyo ndiyo sababu kuu ya vifo. Idadi kama hiyo si kudra peke yake; humo mna mashati mengi ambayo hayakukunjwa.

Fikiria hivi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, gari husimama, lakini wewe hujaambiwa usimame. Unaendelea mbele kwa mwendo uleule hadi ukutane na usukani au kioo, na kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Sijamwona mtu akijirusha kutoka ghorofa ya tatu kwa matumaini kwamba atajizuia kwa mikono, lakini wanaosema “nitashika dashibodi” nimewasikia wengi. Na aliyekaa nyuma bila mkanda ni mzigo ambao haujafungwa. Kishindo kikija, atakayempokea ni wewe uliyekaa mbele yake, nawe utampokea kwa kisogo chako.

Nimewahi kupanda gari la rafiki ambaye alikuwa amenunua kipande cha chuma cha kuchomeka kwenye kifungio cha mkanda, ili kengele ya tahadhari inyamaze bila yeye kufunga chochote. Alinionyesha kwa fahari. Alikuwa ametumia fedha, akili na jitihada kulidanganya gari lake mwenyewe, na gari lilikuwa limedanganyika kabisa.

SWALI: Naomba kufahamishwa maana ya taa ya njano. — Mwanafunzi wa Udereva

JIBU: Maana yake ni kwamba usimame kabla ya mstari, isipokuwa kama umeshaukaribia kiasi kwamba kusimama kwenyewe kutaleta hatari. Haina maana ya “kanyaga mafuta”, ingawa wengi wamefundishwa hivyo na waliowatangulia barabarani. Kwa ajili ya kujiliwaza, jua kwamba taa za kwanza za kuongozea magari, zilizowekwa London mwezi Desemba 1868, hazikuwa na njano kabisa. Zilikuwa nyekundu na kijani, ziliwashwa kwa gesi na kuzungushwa na askari kwa mkono, na mwanzoni mwa Januari 1869 zililipuka na kumjeruhi askari mwenyewe. Taa ya leo inakuomba tu usubiri.

SWALI: Ndugu Mhariri, kazini kwangu ni umbali wa kilomita 30, na barabara ni nzuri. Wengine huenda kilomita 80 kwa saa, mimi huenda 100 kwa kuwa najua gari langu. Mke wangu ananiita mwendawazimu. Naomba umweleze kwamba muda ni mali. — Mwenye Haraka Halali

JIBU: Ndugu Mwenye Haraka, nimechukua kalamu na karatasi ili nikutetee, na imenishinda. Kilomita 30 kwa mwendo wa 80 ni dakika 22 na nusu. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 18. Mali unayoizungumzia ni dakika nne na nusu, na hapo nimekukadiria njia nyeupe isiyo na lori, foleni wala taa hata moja. Nina hakika dakika hizo zote unazimaliza ukifika, ukiwasimulia wenzako jinsi ulivyokuja upesi.

Sasa tazama gharama yake. Nguvu ya mwendo haiongezeki sawasawa na namba unayoiona kwenye dashibodi: mwendo ukizidi mara mbili, kishindo huzidi mara nne. Kutoka 80 kwenda 100 unaona nyongeza ya robo tu, lakini breki zako zinakabidhiwa kazi iliyozidi kwa zaidi ya nusu. Chukua magari mawili yaliyo sambamba kwenye lami kavu, moja likienda 80 na jingine 100, na mbele yao atokee ng'ombe. Madereva wote wawili ni wepesi, kila mmoja anatumia sekunde moja kushtuka na kufikisha mguu kwenye breki. Katika sekunde hiyo wa 80 ameshakwenda mita 22 na wa 100 ameshakwenda mita 28, na breki bado hazijaguswa. Pale ambapo gari la kwanza litasimama kabisa, pua yake ikiwa mbele ya ubavu wa ng'ombe, gari la pili litapita mahali hapohapo likiwa bado na mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Unalijua gari lako, sikatai. Ng'ombe hakujui.

Na usidhani unaonewa wewe wa kwanza. Januari 1896 huko Kent, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Walter Arnold alikamatwa kwa mwendo wa kasi. Alikuwa anakwenda maili 8 kwa saa, yaani kama kilomita 13, mahali palipotakiwa maili 2. Askari alimfukuza kwa baiskeli akampata, naye akatozwa faini ya shilingi moja. Sikupata maelezo ya alikokuwa anawahi.

Mke wako hajakosea sana, ila neno lake ni kali. Mwambie nimependekeza “mwenye matumaini”.

SWALI: Tairi zangu zimeanza kuwa na kipara, lakini upepo umejaa vizuri. Naweza kuendelea nazo hadi mwisho wa mwaka? — Mbana Matumizi

JIBU: Mwisho wa mwaka wa nani? Kila tairi hugusa barabara kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono, na viganja hivyo vinne ndivyo vyote vinavyokushikilia duniani. Mifereji ya tairi ipo ili maji yapate pa kutokea mvua ikinyesha. Isipokuwapo, gari huelea juu ya maji, na ukigeuza usukani halisikii. Badilisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hupenda kusafiri usiku kwa kuwa barabara huwa tupu. Usingizi ukinijia hufungua dirisha, huongeza sauti ya redio, huimba, na ikibidi hujipiga makofi. Kuna mbinu nyingine niliyoisahau? — Popo wa Lami

JIBU: Ndugu Popo, umesahau kulala.

Dirisha likifunguliwa, usingizi hupata hewa safi, na redio huubembeleza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi zinazohitaji umakini kwa kiwango cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi kinatosha kumfikisha dereva mikononi mwa polisi. Kwa hiyo aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi akashinda kazini, kisha akawa usukanini saa tano usiku, amelewa bila kununua chochote. Tatizo jingine ni kwamba aliyesinzia hana habari kuwa amesinzia. Ukimuuliza atakwambia alifumba macho kidogo tu. Hicho “kidogo” kikiwa sekunde nne, kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, ni mita 100 ambazo gari limejiendea lenyewe.

Nakiri kwamba safari moja, miaka ya nyuma, niligundua nimefika mahali ambako sikumbuki kupita njia yake. Nililitazama daraja kwenye kioo cha nyuma, nami sikuwa na kumbukumbu yoyote ya kulivuka. Niliegesha gari pembeni, magoti yakinitetemeka, na usingizi ukaisha wenyewe kwa hofu, jambo ambalo sipendekezi kama tiba. Egesha mahali salama, kunywa kahawa, kisha lala dakika 20. Kahawa huchukua karibu nusu saa kuanza kazi, hivyo mtaamka pamoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, nasikia mume wangu amekuandikia kujisifu kuhusu miaka yake 22. Naomba ufahamu kwamba barua hiyo aliiandika kwa kidole gumba, tukiwa kwenye foleni, simu ikiwa juu ya paja. Foleni ikasogea, naye akasogea huku akiandika. Nilipoona taa za breki za gari la mbele zimewaka nikapiga kelele, akakanyaga breki, simu ikaporomoka hadi kwenye pedeli, na nadhani ndipo barua ilipojituma yenyewe. Nikimkanya husema hapendi kuendeshwa na mtu asiye na leseni. Je, abiria ana haki ya kusema? — Mama Watoto

JIBU: Dada yangu, haki unayo, kwa sababu mwili wako umo ndani ya gari lilelile. Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia simu usukanini yumo katika hatari ya ajali mara nne hivi kuliko asiyeitumia, na kuzungumza bila kuishika hakusaidii sana, kwa kuwa kinachoondoka barabarani ni akili, si mkono peke yake. Sekunde tano za kutafuta herufi kwa mwendo wa kilomita 50 ni karibu mita 70 za kwenda kipofu. Kuhusu simu iliyoangukia kwenye pedeli, mngekuwa kwenye mwendo mkubwa zaidi ingeweza kuizuia breki isishuke, na barua yako nisingeipata.

Usimpigie kelele ikiwa unaweza kuepuka, maana dereva aliyeshtuliwa ni hatari nyingine. Badala ya kumnyang'anya simu, mnyang'anye kazi: safari ikianza, mwambie wewe ndiwe karani wake, utasoma kinachoingia na kuandika anachotaka kujibu. Wanaume wengi hawakatai kuwa na karani.

Barua yake nimeichapa hapo juu kama ilivyofika, ikiishia kwenye herufi m. Mwambie tunausubiri mwisho wa sentensi ile, na kwamba anaweza kuuleta wakati wowote akishazima injini.