Usafiri wa umma wa miaka ishirini ijayo: maswali yenu, majibu yangu

Niliomba mnitumie maswali kuhusu hii mipango ya muda mrefu ya usafiri wa umma mijini, yamekuja mengi, mengine matusi matupu, hayo nimeyaacha. Yaliyobaki nimeyafupisha. Majibu ni yangu, anayebisha abishe.

SWALI: Jiji letu limezindua mpango wa usafiri wa miaka 20. Nimeufungua naona flaiova tano na mchoro wa treni inang'aa. Huu ni mpango kweli?

Hapo umeletewa orodha ya manunuzi, ndugu yangu. Mpango wenyewe unaanza na watu, yaani wanatoka wapi, wanaenda wapi, saa ngapi, nani anafika kwa shida na nani hafiki kabisa, halafu unasema ikifika mwaka fulani mtu wa pembezoni aweze kufika hospitali au kazini kwa muda gani na kwa nauli gani, na hapo ndo mnaanza kuulizana kama jibu ni basi, treni au njia ya miguu iliyonyooka. Tena mpango wa usafiri usiozungumza na mpango wa ardhi ni kazi bure. Copenhagen walichora wao mwaka 1947, wakasema mji ukue kama vidole vya mkono, kila kidole kifuate reli, na katikati ya vidole paachwe kijani, na mpaka leo wazo hilo bado linaongoza wapi pajengwe. Curitiba kule Brazil walipitisha mpango wao kabambe 1966, wakaruhusu maghorofa marefu kwenye korido chache tu, yaani pembeni ya njia kuu za usafiri, mabasi yenye njia yake yalipoanza 1974 watu wakawa wanahamia pembeni ya ruti wenyewe bila kusukumwa.

Kitu kimoja ukifanye leo leo. Nenda kurasa za nyuma kabisa kwenye majedwali, tafuta hela ya kuendesha: mishahara ya madereva, mafuta au umeme, matairi, vipuri, usafi wa vituo. Ukikuta ya kujenga imepangwa mpaka senti ya mwisho na ya kuendesha imeandikwa "itatokana na nauli", basi ujue miaka sita mbele utakuwa unapigwa jua kituoni.

SWALI: Kwa nini msipanue tu barabara foleni iishe? Kila siku mnazunguka.

Kaka, zimeshapanuliwa sana duniani na matokeo tunayo. Houston, Marekani, kuna barabara inaitwa Katy Freeway, ilipanuliwa ikamalizika 2008, sehemu nyingine ina leni 26 ukihesabu na zile za pembeni. Miaka michache tu foleni ikarudi na muda wa safari ukawa unaongezeka tena. Barabara ikiwa nyepesi watu wanaanza kuendesha safari ambazo zamani wangeziacha au wangepanda basi, na wengine wanahamia mbali zaidi kwa sababu sasa panafikika, mwisho wa siku nafasi yote imejaa.

Hesabu ya leni nayo iko wazi. Leni moja ya mjini yenye magari mchanganyiko inapitisha kama watu 600 hadi 1,600 kwa saa. Leni hiyohiyo ukiwapa mabasi peke yao, yenye vituo vizuri na yanayopishana kwa dakika chache, inaenda 4,000 hadi 8,000. Lami ni ileile, upana uleule.

SWALI: Treni au mabasi ya mwendokasi, kipi bora?

Swali linalopendwa kuliko yote na mimi ndo linanichosha kuliko yote. Inategemea abiria wangapi kwa saa kwenye korido hiyo, na mfuko wenu. Bogotá, Colombia, walianza TransMilenio, mwendokasi ya kwao, mwaka 2000 na mabasi yake yamefika abiria zaidi ya 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, kiwango ambacho wengi wanadhani ni cha treni tu, ila wana leni za kupitana vituoni na msongamano wake ni wa kubanana kwelikweli, nako wanalalamika. Treni inabeba wengi kwa utulivu zaidi. Ila Addis Ababa walifungua treni ya mjini 2015 ikiwa na mabehewa mapya 41, baada ya miaka michache sehemu kubwa yamesimama kwa kukosa vipuri. Reli ipo, nguzo zipo, umeme upo, kifaa kidogo cha kuagiza nje hakipo. Ndo ile ile hela ya kuendesha niliyosema juu.

SWALI: Natumia kiti mwendo. Kituo kipya kina rampu nzuri, wakapiga na picha, lakini sijawahi kupanda basi pale. Hivi walinijengea mimi au walijengea picha?

Dada yangu, umesema yote, ila ngoja nifafanue kwa wengine maana hapa ndo ile ahadi ya usafiri "jumuishi", yaani wa watu wote, inapofia.

Rampu ina hesabu yake. Kiwango kinachotumika sana ni 1 kwa 12, kwamba ukipanda sentimita 1 unahitaji sentimita 12 za urefu. Kingo ya barabara ya sentimita 15 inadai rampu ya mita 1.8 angalau. Sasa nenda kapime unazoziona, nyingi ni nusu ya hapo, mtu akijaribu peke yake anarudi kinyumenyume. Tuseme hii ya kwako iko sawa. Je, njia ya kufika kwenye rampu? Mara nyingi kuna mtaro usio na mfuniko, au nguzo ya taa katikati ya njia ya miguu, au pikipiki tatu zimeegeshwa, au ili uvuke barabara lazima upande daraja lenye ngazi arobaini. Tuseme umefika. Basi linakuja, sakafu yake iko juu ya jukwaa, au dereva ameacha pengo la sentimita ishirini kwa sababu hakuna aliyemfundisha kulisogeza karibu na hakuna anayemkagua. Safari imeishia hapo. Kiungo kimoja kikikatika vingine vyote havina maana, ndo maana kituo chenye rampu kinaweza kuwa hakina abiria hata mmoja mwenye kiti mwendo, halafu mtu mmoja ofisini anasema "mbona hawatumii".

Curitiba walipoleta vile vituo vyao vya mirija, vyenye umbo la bomba, 1991 sakafu ya kituo na ya basi zikawa usawa mmoja, na hapo hawakumsaidia mwenye kiti mwendo peke yake, kila mtu anaingia haraka, mwenye mtoto mgongoni, mwenye mzigo, mzee wa magoti, basi lenyewe linakaa kituoni muda mfupi. Na kwa wasioona, vile vigae vyenye vinundu vya kuwaongoza kwa miguu au fimbo vilianzia Japani, mji wa Okayama, mwaka 1967. Ni teknolojia ya zaidi ya nusu karne, haihitaji umeme wala programu ya simu, na bado kuna sehemu vinawekwa vikielekea moja kwa moja kwenye nguzo. Mimi nimekiona kimoja, vigae vya njano vizuri kabisa vinaishia kwenye pipa la taka la zege.

Cha kudai: watu wenye ulemavu wawe kwenye timu ya kupokea mradi kabla mkandarasi hajalipwa pesa ya mwisho. Aalikwe mtu mwenye kiti mwendo, aambiwe toka nyumbani mpaka kazini, asisaidiwe. Akikwama, hundi isubiri.

SWALI: Mabasi yote yanaenda katikati ya mji asubuhi. Mimi nampeleka mtoto shule, napita sokoni, nampeleka mama kliniki, narudi. Nalipa nauli nne. Mpango unaniona kweli?

Kwa kawaida haukuoni, mama. Takwimu nyingi zinakusanywa saa za kwenda kazini na kutoka, zinauliza safari ya kazi, safari yako yenye vituo vinne inaonekana kama vipande vidogo visivyo na maana au haiandikwi kabisa. Na mara nyingi wanaosafiri hivyo ni wanawake. Dawa ya kwanza ni data itenganishwe, wanaume na wanawake, umri, ulemavu, na saa zote za siku siyo saa moja asubuhi tu. Dawa ya pili ni tiketi ya muda. São Paulo 2004 walianzisha Bilhete Único, unalipa mara moja unabadilisha mabasi ndani ya masaa kadhaa bila kulipa tena. Ile safari yako ya nauli nne inaweza kuwa mbili. Hii haihitaji kujenga chochote cha zege, inahitaji wenye mabasi wakubaliane kugawana mapato, na hapo ndo kazi ilipo.

Usiku pia. Montreal tangu 1996 wanawake wanaruhusiwa kumwomba dereva awashushe katikati ya vituo viwili wakati wa usiku ili wapunguze kutembea gizani. Gharama yake ni kipande cha karatasi cha maelekezo kwa madereva, basi.

SWALI: Mabasi madogo ya watu binafsi yafukuzwe? Yanatuharibia mji.

Yafukuzwe nani atawabeba kesho asubuhi? Haya mabasi yanafika kule ambako mpango haujafika. Fujo yao ina chanzo, dereva anadaiwa hesabu na tajiri kila jioni, kinachozidi ndo chake, kwa hiyo lazima akimbizane, ajaze, akatishe ruti akiona abiria wachache. Ukimweka malaika kwenye usukani huo wiki ya pili na yeye anakatisha. Badili malipo: alipwe kwa kilomita alizoendesha kwa ratiba, badala ya kwa vichwa alivyobeba, na sababu ya kukimbizana inapungua sana. Bogotá walifanya hivyo kwenye TransMilenio. Johannesburg walienda mbali zaidi, wenye teksi ndogo za ruti zilizoguswa na Rea Vaya, mwendokasi ya huko, wakawa wanahisa wa kampuni ya kuendesha mabasi hayo tangu 2011, ikachukua mazungumzo marefu na magumu, ila wakaingia ndani ya mfumo.

Kabla ya hapo yote, zijueni ruti zao. Nairobi watafiti wa vyuo walipanda matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo, ramani ikatoka 2014. Mji ambao haujachora mtandao wake uliopo hauwezi kupanga ujao.

SWALI: Usafiri uwe bure kwa wote, mbona Luxembourg wameweza?

Luxembourg ni bure nchi nzima tangu mwishoni mwa Februari 2020, Tallinn, mji mkuu wa Estonia, kwa wakazi wake tangu 2013. Bure ni tamu. Ila kama basi lako linakuja baada ya dakika 40 likiwa limejaa, bure itakupa basi la dakika 40 lililojaa zaidi. Mimi ningeanza na wingi wa mabasi, halafu punguzo la maana kwa wasio na uwezo, wanafunzi, wazee. Kama kuna mji una hela ya vyote viwili, hongera zao.

SWALI: Na mabasi ya umeme?

Mazuri. Shenzhen, China, walikamilisha kubadili mabasi yao yote, zaidi ya 16,000, mwaka 2017. Ila walijenga vituo vya kuchajia na umeme wa kutosha kwenye depo sambamba na kununua mabasi, siyo mabasi yamefika bandarini ndo watu wanatafuta transfoma. Na basi la umeme bila leni yake linakaa kwenye foleni ileile na wengine.

SWALI: Hela zitoke wapi basi? Nauli haitoshi, serikali haina.

Nafasi ya barabara ina thamani na sasa hivi mwenye gari anaitumia karibu bure. Stockholm walijaribu kutoza magari yanayoingia katikati ya mji miezi saba ya mwanzo wa 2006, magari yakapungua kama asilimia 20, wakapiga kura, ikarudi rasmi 2007. Angalia mpangilio wao lakini: mabasi ya ziada yaliwekwa Agosti 2005, miezi kadhaa kabla ya tozo. Huwezi kumwambia mtu acha gari halafu hujamwekea kitu cha kupanda, hiyo ni adhabu tu. Kuna na ada za maegesho, na kodi ya ardhi iliyopanda bei kwa sababu kituo kimejengwa karibu nayo. Chanzo chochote, iandikwe kwenye sheria kwamba hela hiyo inaenda kwenye usafiri, la sivyo mwaka wa tatu inaziba pengo la idara nyingine.

SWALI: Nimealikwa kikao cha maoni ya wananchi. Mimi si mtaalam, niulize nini?

Utaambiwa asilimia fulani ya wakazi wako karibu na kituo. Kipimo cha Umoja wa Mataifa kwenye lengo la 11.2 la maendeleo endelevu, linalohusu usafiri, ni mita 500 kwa kituo cha basi la kawaida, kilomita 1 kwa treni au mwendokasi. Uliza wamepima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani au kwa njia ambayo mtu anatembea, maana mita 400 za ramani zinaweza kuwa kilomita na nusu ukizunguka ukuta na mto. Uliza basi linapita kila baada ya dakika ngapi saa nne usiku, na Jumapili. Uliza nani analipa matengenezo mwaka wa kumi, jina la idara, siyo "wadau". Na kama uongozi ukibadilika mpango unalindwa na nini, kuna mamlaka moja ya usafiri yenye bajeti yake kisheria au ni kitengo ofisini kwa meya? Halafu omba majibu kwa maandishi, na kabla hujatoka uhakikishe swali lako limeingia kwenye muhtasari wa kikao.