Ua jipya, papai linaugua

SWALI: Nilinunua haibiskasi kitaluni. Baada ya mwezi ina kitu cheupe kama pamba, na sasa mpapai wa jirani umekipata. Ua ndilo lililoleta?

JIBU: Inaelekea hivyo. Huyo yumkini ni kidung'ata wa mipapai, mdudu mdogo mfyonza utomvu aliyejifunika nta nyeupe kama pamba, mzaliwa wa Meksiko, aliyeripotiwa Kenya mwaka 2016. Hula pia mihogo, ndiyo maana hatutaki mtu amdharau. Mtumbukize mmoja kwenye spiriti: akigeuka bluu-nyeusi baada ya siku moja au mbili, shaka inapungua sana.

Pindua majani, chungulia makwapa ya matawi. Kila kifuko cha pamba kina mayai zaidi ya 100. Kata matawi yaliyoathirika, yafunge kwenye mfuko, uanike juani, usiyatupe kwenye lundo la mboji. Kisha changanya mililita 10 za sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani, suuza asubuhi. Rudia mara moja kwa wiki, kwa wiki tatu, kwani nta hukinga mayai. Dhibiti sisimizi pia; huwalinda vidung'ata kwa ajili ya utomvu mtamu wanaoutoa.

Mche mwingine ukiununua, utenge wiki nne.